Gozo: kighuba gani kimetulia kwa kusnokeli?

Mpemba_Ughaibuni
Wakuu habari, mimi na mama watoto tunaenda Malta Septemba, Blue Lagoon ya kisiwa kidogo cha Comino sitaki hata kuisikia, watu kama soko la Darajani na siku hizi mpaka ubuku nafasi mtandaoni kwanza. Tunalala Gozo, kisiwa cha pili cha Malta, siku 4. Nimebakisha vighuba vitatu vya kusnokeli, yaani kuelea na miwani na mrija tukiangalia samaki: Mġarr ix-Xini, Hondoq ir-Rummien na Wied il-Għasri. Yeye kuogelea hajui sana. Na maji yanakupwa saa ngapi huko?

bintiMvita
Kaka hahaha kupwa gani, Mediterania hakuna bamvua, yanapanda na kushuka sentimita chache tu basi, unaingia saa yoyote. Huko unaangalia upepo. Ukivuma wa kaskazini magharibi, na ndio unaovuma zaidi, nenda Mġarr ix-Xini au Hondoq. Ukigeuka ukatoka kusini mashariki zote mbili zinachafuka.

Dogo_Marseille
Mimi nampa Wied il-Għasri kwa uzuri, ni kama ufa tu kati ya miamba miwili mirefu, unashuka ngazi unakuta changarawe na maji ya kijani. Lakini kwa shemeji hapana! Upo pwani ya kaskazini, mimi niliingia bahari shwari nikaenda mpaka mdomoni kule, narudi nakuta mawimbi yanasukumana humo ndani kama maji kwenye karai linalobebwa, nilitoka na goti linavuja damu.

bintiMvita
Umeona sasa. Dada aanzie Hondoq, maji yanaongezeka kina polepole na Comino unaiona hapo mbele. Ila wikendi usiende, wenyeji wanakuja na majiko ya kuchomea nyama, ukimya utausikia kwenye bomba.

Mzee wa Pono
Kwa samaki chagua Mġarr ix-Xini. Usikae katikati, hapo ni mchanga na majani ya bahari, fuata ukuta wa mwamba taratibu uangalie kwenye nyufa. Nilikuta pweza kajiziba mlangoni kwa vijiwe, jicho tu limebaki nje, tukatazamana dakika tano nzima. Pono wapo pia, jike mwekundu ana doa la kijivu na njano. Matumbawe ya Mnemba usitegemee. Nenda asubuhi, mchana maboti yanaingia. Mnara wa mawe ulioko mdomoni ni wa mwaka 1661, ukiuona ujue hapo ndo mwisho wako.

Mpemba_Ughaibuni
Shukrani mzee. Viatu vya mpira vinahitajika?

Mzee wa Pono
Sana, wale viumbe wa bahari wa miiba wamejaa miambani. Na konyeza wa zambarau, wadogo lakini wanachoma kweli kweli, chungulia maji kabla hujamwita mama.

Dogo_Marseille
Halafu Kimalta bahari wanaiita baħar, utajiona uko Wete.

Mpemba_Ughaibuni
Basi Hondoq Jumanne, Mġarr ix-Xini Jumatano saa moja asubuhi. Wied il-Għasri nitaiangalia kutoka juu, na mama watoto kanishika shati.