Naomba ushauri: wanawake wawili, siku tisa Cape Town. Tutembee mitaa gani?

MwanaTudor
Assalam aleikum, na wasalaam kwa wote.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Mombasa, kazi yangu iko Nairobi. Nina mwenzangu, huu ni mwaka wetu wa tano. Nasema "mwenzangu" kwa mazoea. Neno hilo halina mume wala mke ndani yake, na miaka yote hii limetusitiri kazini, kwa majirani, hata mbele ya mama. Hapa nalifungua: mwenzangu ni mwanamke.

Katikati ya Februari tunakwenda Cape Town. Pasipoti ya Kenya haidaiwi viza kule tangu Januari 2023, na tiketi tumeshakata. Najua katiba yao ya 1996, kifungu cha 9, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya anayempenda, na kwamba ndoa za watu kama sisi zinatambulika tangu tarehe 30 Novemba 2006. Lakini katiba haikusindikizi barabarani saa nne za usiku, ndiyo maana nauliza watu.

Kila ninaposoma naelekezwa De Waterkant, mtaa wa watu kama sisi, kwenye baa. Mimi sinywi, na mwenzangu akipiga bia moja analala. Sisi tunataka kutembea. Na tafadhali msinielewe vibaya nikisema tunataka kushikana mikono. Mombasa wanawake hushikana mikono mchana kutwa na hakuna anayegeuza shingo. Ninachotamani ni mtu atuone tumeshikana mikono, aelewe maana yake, kisha apite zake.

La pili, Ramadhani itatukuta huko. Picha za Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu kule, zimenigusa, nimeona kama Mji wa Kale uliopakwa rangi. Je, mtu kama mimi aende, au nitajitia simanzi bure?

La tatu ndilo linaloninyima usingizi: watu wa kwetu. Nasikia Waswahili wamejaa Cape Town. Nikikutana na mtu anayemjua mtu anayemjua mjomba wangu?

Mkaazi_wa_Obs
Karibu dada. Mimi ni Mkenya pia, mwaka wa saba naishi Observatory, huku tunakuita Obs. Nina mke, nasema mke maana tumefunga hapa hapa.

Nianze na De Waterkant nikuondolee hilo kichwani. Ni mtaa mdogo, mzuri, vijia vya mawe, nyumba za zamani zilizokarabatiwa. Zamani palikuwa pa familia za machotara na Waislamu, serikali ya ubaguzi wa rangi ikawahamisha, leo nyumba zile ni za wenye nacho. Ndiyo sababu ukiingia usiku utaona wanaume wa Kizungu wengi kuliko mtu mwingine yeyote. Hakuna atakayewasumbua kwa kushikana mikono. Ila mnaweza kukaa saa nzima hakuna aliyewasalimia, na hilo nalo lina uchungu wake. Piteni mchana, mnywe kahawa, muone.

Kwa mnachokitaka, mahali penu ni Sea Point. Kuna njia ya miguu kandokando ya bahari, Promenade, inaanzia upande wa Mouille Point kwenye mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, ikaenda kilomita kadhaa hadi bwawa la kuogelea. Upande mmoja Atlantiki inapiga ukuta, upande mwingine nyasi na mabenchi. Jioni mji mzima uko pale: bibi na bwana wa Kiyahudi wamevaa kofia, akina mama wa Kiislamu na vigari vya watoto, vijana wanakimbia, mashoga na mbwa wao, Wakongomani wanaolinda magari wakisubiri kubadilishana zamu. Ni mahali ambapo hakuna mwenye mtaa, ndiyo maana kila mtu amepumua. Lala Sea Point au Green Point kama mfuko unaruhusu.

Obs ni ya wanafunzi, wasanii na wanawake kama sisi. Lower Main Road kuna migahawa ya bei ya kawaida na hakuna atakayewashangaa. Ila simu huporwa, usiishike mkononi barabarani.

Usafiri: basi za MyCiTi zinafika Sea Point na Camps Bay, mnalipa kwa kadi, noti hazipokelewi. Jua likishazama, hata kama ni mita mia tatu tu, iteni Uber au Bolt. Hilo halina uhusiano na mapenzi yenu. Ni mji tu ndivyo ulivyo.

Kuhusu chumba: andika wazi unapoweka nafasi kwamba mko wawili na mnataka kitanda kimoja. Kuna sheria ya usawa ya mwaka 2000, mwenye nyumba ya wageni hana ruhusa ya kuwafukuza. Lakini ni afadhali ujue mapema aliyekasirika ni nani kuliko kubishana naye mlangoni na mabegi.

Kaka_Ngara
Naunga mkono hapo juu. Mimi nilikwenda peke yangu. Kwenye baa moja bawabu aliwapitisha Wazungu watano mbele yangu, mimi akaniambia leo ni usiku wa wageni waalikwa. Nimesafiri saa zote hizo kukimbia kubaguliwa kwa jambo moja, nikabaguliwa kwa lingine. Niliumia sana. Kesho yake nilishuka ngazi za Clifton hadi ufuo wa tatu, ambao watu wetu wanaupenda tangu zamani, nikakaa na kijana wa kitongoji cha Langa na rafiki zake, tukala tikiti maji mpaka jioni. Kwa hiyo nendeni Clifton. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma mji mzima unakula mchanga, pale kumejificha. Maji ni baridi ya kukata mifupa, msifikirie Nyali.

Na kaka zangu mnaosoma hapa: mkitumia zile programu za kutafuta wachumba, onaneni mahali penye watu kwanza. Kuna waliovutwa hadi nyumbani kwa mtu wakaporwa.

[Ujumbe umeondolewa na msimamizi]

Papa_Lubum
Jambo mama. Miye ni mtu wa Lubumbashi, nauza vinyago Greenmarket Square, mwaka wa kumi na moja sasa. Si mtu wa jamii yenu, nasema ukweli. Lakini nimesoma swali lako la tatu nikaona nijibu, maana ni sisi unaotuogopa.

Ni kweli, pale sokoni Kiswahili utakisikia. Mimi nikimuona mteja mwenye sura ya kwetu namuita "dada karibu", na akiitika naanza: unatoka wapi, mji gani, baba yako nani. Si ubaya, ni njaa ya nyumbani. Lakini maneno yanatembea. Watanzania, Wakenya, sisi, tuko na vikundi vya simu, na mtu anaweza kupiga picha. Kama hamtaki kuulizwa, pale sokoni ongeeni Kiingereza. Hakuna atakayewajua.

Nilipata wateja wawili wanawake mwaka jana, walikuwa wameshikana vidole vidogo tu, hivi. Mmoja akauliza bei ya twiga kwa Kiswahili safi cha Dar, akashtuka mwenyewe, akaachia kidole cha mwenzake haraka kama ameungua. Nilimuuzia twiga kwa bei ya rafiki. Sikujua nimwambie nini. Nimeandika hapa labda atasoma.

Sisi huku tunaitwa makwerekwere, tusi la wageni Waafrika, tunajua kuogopa mtu kabla hajafungua mdomo.

MwanaTudor
Papa Lubum, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Mungu akulipe. Nitakuja kununua twiga na nitakusalimu kwa Kiswahili.

Mkaazi_wa_Obs, swali jingine: mwenzangu anataka kuona Khayelitsha, kile kitongoji cha watu weusi, asije akarudi ameona pwani ya matajiri tu. Nikisoma habari naogopa.

Mkaazi_wa_Obs
Mwambie ana haki ya kutaka, na wewe una haki ya kuogopa. Khayelitsha ndiko alikouawa Zoliswa Nkonyana tarehe 4 Februari 2006, binti wa miaka 19, kwa sababu alipenda wanawake. Kesi iliburuzwa, hukumu ya kifungo ikatoka 2012. Mwaka ule ule sheria ya ndoa ilipopita bungeni, katika mji huo huo, mtoto wa watu alishazikwa. Hilo nalikumbuka kila nikiona bendera ya upinde wa mvua inauzwa dukani.

Lakini pia Khayelitsha ndiko alikotoka Funeka Soldaat na kundi lake, Free Gender, wanawake weusi waliokwenda mahakamani na vituo vya polisi mwaka baada ya mwaka. Si mahali pa kuhurumiwa. Nendeni mchana, mkiwa na mwenyeji wa huko huko mliyepatana naye kabla, msijiendee tu. Na mkikwama na jambo lolote zito, Triangle Project ni shirika la siku nyingi la watu kama sisi hapa Cape Town, wana laini ya ushauri. Wekeni namba yao kwenye simu kabla ya kupanda ndege.

BintiSokomuhogo
Dada, nijibu la Bo-Kaap. Nilikaa Cape Town miaka mitatu kwa masomo na kila Ijumaa nilikuwa Dorp Street. Msikiti wa Auwal pale ni wa mwaka 1794, wa kwanza nchini. Nenda, na wala usiende kama mtalii. Wenyeji wamechoka kupigwa picha wakiwa wamekaa barazani kwao. Vaa kama unavyovaa kwenu, toa salamu, utaona uso unavyofunguka. Bhajia wanaziita daltjies. Wana koesisters, mithili ya mahamri yaliyochovywa shira na kunyunyiziwa nazi. Na Ramadhani, kabla ya magharibi, utaona watoto wanavuka barabara na sahani zilizofunikwa, nyumba hii kwenda nyumba ile. Nililia siku ya kwanza, nilidhani niko Unguja.

Huko mtakuwa dada wawili kama Mombasa. Sitakudanganya, ni mtaa wa dini na hawatawapigia makofi. Kutoka hapo kuteremka De Waterkant ni dakika kumi kwa miguu. Mimi niliitembea njia ile mara nyingi na nilikuwa najua ni kona gani naachia mkono na kona gani naushika tena.

Wynberg kuna Masjidul Ghurbaah, msikiti wa watu kama sisi, aliouanzisha Imam Muhsin Hendricks. Alijitangaza hadharani mwaka 1996. Tarehe 15 Februari 2025 alipigwa risasi akafa kule Gqeberha, zamani Port Elizabeth, akiwa ndani ya gari. Ukitaka kusali pale, waandikie kwanza, usiwatokee ghafla. Waelewe, wana majeraha. Mimi ndipo niliposwali mara ya kwanza bila kuhisi kwamba nadanganya.

Na mkifika kabla mwezi haujaandama, nendeni Three Anchor Bay jioni, hapo hapo Promenade. Waislamu wa Cape bado wanautafuta mwezi kwa macho. Familia zinakuja na mikeka na chai.

MwanaTudor
Tumerudi salama juzi. Niliahidi mrejesho.

Chumba tulipata Green Point. Mama wa mapokezi aliuliza kama tunataka mito ya ziada, basi. Mwenzangu alikaa kitandani akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, kwa sababu ya mito.

Jioni ya pili tulikwenda Three Anchor Bay. Watu kibao, mazulia, termosi, watoto wanakimbizana kwenye nyasi, wazee wamesimama ukutani wanaangalia magharibi. Ajuza mmoja akatusogezea mkeka. Akauliza huyu ni dada yako? Mdomo ulitaka kusema ndiyo, umezoea. Nikasema ni mpenzi wangu. Akanyamaza. Akaangalia bahari muda mrefu. Kisha akawaita wajukuu wake wakae upande wake wa pili. Hakututukana, hakutuondoa mkekani. Mwezi ulipoonekana, uzi mwembamba juu ya maji, watu wakapiga takbiri, na yeye akapitisha kopo la tende, likafika kwetu pia. Mpaka leo sijui niiweke wapi moyoni jioni ile.

Tukarudi kwa miguu kwenye Promenade tumeshikana mikono, taa zikiwa zinawaka. Mwanamke mmoja mwenye mbwa akaiangalia mikono yetu, akatuangalia usoni, akasema habari za jioni, akapita zake.

Bo-Kaap nilifuturu. Wynberg niliandika, walinijibu, nilikwenda. Yaliyobaki ni yangu. Khayelitsha hatukwenda, mwenyeji wetu aliugua siku ile, mwenzangu bado ana kinyongo.

Papa Lubum, ulikuwa hupo siku tuliyokuja. Kijana wako alisema umepeleka gari gereji. Twiga tumemnunua.

Papa_Lubum
Aliniambia. Alisema walikuja wamama wawili wa Kenya, mmoja anacheka sana. Njo wao, nikamwambia.

Achieng_K
Samahani kwa kuingia mwisho. Mimi na wangu tunafikiria Julai. Clifton panafaa mwezi huo?

Mkaazi_wa_Obs
Julai ni mvua na baridi, leteni makoti. Clifton mtaangalia kwa juu tu. Njooni Obs, nitapika ugali.