Nyanya nikizisaga zinatoa povu na mchuzi unakuwa wa pinki. Nifanyeje?

chungu_kipya: Wakuu, habari. Nyanya zangu huwa zimeiva na ni nyekundu. Nikizikata na maganda yake, mchuzi unabaki na vijiganda vilivyojikunja. Nikizitia kwenye blenda, povu linajaa na rangi inapauka. Zitayarishwe vipi? Na mbegu zitolewe?

mwiko: Menya kwanza. Acha maji mengi yatokote kabisa. Toa kikonyo kwa ncha ya kisu, kisha upande wa chini chora msalaba unaokata ganda tu. Tumbukiza nyanya nne au tano kwa mkupuo. Ukijaza sufuria, maji yanapoa na nyanya zinaanza kuiva kabla ganda halijaachia. Sekunde 30 hadi 60 zinatosha. Ukiona ncha za ule msalaba zinajikunja, opoa na utie kwenye maji baridi sana, maana zikiachwa na joto lake zinaendelea kuiva. Ganda utalivuta kwa vidole. Likigoma, nyanya haijaiva sawasawa: irudishe sekunde 15.

jiko_la_mkaa: Kwa nyanya tatu au nne usihangaike na maji ya moto. Kata katikati kwa upana, kwaruza upande uliokatwa kwenye matundu makubwa ya kikwaruzo cha karoti, kiganja kikiwa bapa. Nyama yote inashuka, ganda linabaki mkononi. Povu la blenda ni hewa, na hiyo hewa ndiyo inayopausha rangi. Ukisaga muda mrefu mbegu nazo zinapasuka na kuleta uchungu.

Mbegu toa ukipenda, lakini ule ute usiutupe! Ladha nyingi ya nyanya imo humo. Ukamulie kwenye chujio, sugua kwa kijiko upite, mbegu zibaki.

chungu_kipya: Asanteni. Na ule ukali wa nyanya mbichi?

mwiko: Huo ni wa kupika haraka. Tia nyanya kwenye kitunguu kilichokaangwa, weka chumvi, usifunike wala usiongeze maji. Nusu kilo inataka kama dakika 15 hadi 20 moto wa wastani, mpaka mafuta yajitenge pembeni. Bado kali? Sukari kidogo inatosha. Magadi yanaua uchachu kweli, ila yakizidi mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni.

jiko_la_mkaa: Na kama unaunga maharage, yaive kwanza ndipo utie nyanya. Asidi yake inayafanya yabaki magumu.