Picha zangu za studio zinanakiliwa saiba, nifanye nini?

Mama Studio, Umoja

Wapiga picha wenzangu, naomba mawazo yenu. Nina studio ya chumba kimoja hapa Umoja, taa mbili na pazia la kijivu. Kazi yangu hasa ni picha za familia na za wazee. Mwezi wa nne mteja mmoja alimleta shosho wake, yaani nyanya yake. Shosho aliogopa taa, basi nikazizima, nikamsogeza dirishani, tukaongea habari za shamba na mvua mpaka mikono yake ikatulia mapajani. Ilichukua karibu saa mbili. Nikachapa picha moja, inchi 8 kwa 12, kwenye karatasi yenye vinundu, shilingi 1,500. Mteja akasema nyingine ataagiza jamaa wakichanga.

Hakuagiza. Wiki jana nilialikwa kwao kupiga picha za ruracio (sherehe ya mahari), nikaikuta picha ya shosho sebuleni, imelaminishwa, na nyingine kumi ziko kwenye bahasha za kugawiwa jamaa. Ngozi ya shosho imekuwa nyekundu kama tofali. Maua ya leso yamepotea. Uso mzima una vitone vyeupe kama aliyenyunyiziwa chumvi, na ile pembe yenye jina la studio imekatwa. Zilitolewa saiba, duka la kompyuta na fotokopi, kwa shilingi 80 moja.

Pesa zinauma, lakini kilichoniumiza zaidi ni mjomba wao. Aliuliza aliyepiga ni nani, akaonyeshwa mimi, akaitazama tena ile picha, akanyamaza.

Sitaki kugombana na mteja. Nauliza tu: nyinyi mnazuiaje? Na sheria iko upande wangu?

Fundi wa Fremu, River Road

Pole sana dada. Hivyo vitone ni karatasi yako iliyojitetea. Mwanga wa skana hugonga vile vinundu ukarudi kama nukta nyeupe, ndiyo maana nakala ikaonekana imepigwa chumvi. Karatasi laini ya kung'aa ingewapa nakala safi kabisa. Ila usiitegemee sana, maana siku hizi mtu anaisimamisha picha dirishani na kuipiga kwa simu, na hapo vinundu karibu havionekani.

Jina likikaa pembeni litakatwa tu. Mimi wapiga picha wanaoniletea kazi nawagongea muhuri nyuma wenye jina la studio na nambari ya simu, kisha mgongo wa fremu naufunga kwa gundi. Hauzuii mwizi. Lakini mjukuu akitaka nyingine miaka kumi ijayo, atajua pa kupiga simu. Na zile picha za mteja kuchagua kwa WhatsApp, tuma ndogo, jina likatize kifuani. WhatsApp hufuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kwa hivyo usidhani jina uliloweka kwenye kamera litafika.

Wakili wa Mtaani

Mama, nitakuambia jambo ambalo hutalipenda, lakini ni heri ulijue leo. Wengi wetu tunaamini aliyebonyeza kamera ndiye mwenye haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema haki huanza kwa mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa, inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kuna makubaliano yanayosema vingine. Mteja alikuja, akaagiza picha, akalipa. Kama hamkuandikiana kitu, haki ya kunakili ile picha ya shosho huenda ni yake.

Kilichobaki kwako ni haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye uliyeipiga, na ya kupinga kazi yako kuharibiwa kwa namna ya kukuvunjia heshima. Hilo la jina kukatwa na uso kuwa tofali unaweza kulizungumza naye kwa upole, na una msingi.

Kuanzia sasa, andika kabla ya kupiga. Mistari miwili kwenye risiti yatosha: hakimiliki inabaki kwa studio, mteja ana ruhusa ya kutumia nakala alizonunua, nyingine zitolewe na studio. Atie sahihi. Ukifanya hivyo, haki inabaki kwako, na ulinzi wa picha ni miaka 50. Tunza pia faili za awali za kamera, kwa kuwa ndizo ushahidi wako. Na kumbuka, hata haki ikiwa yako, uso ni wa shosho. Usiuweke kwenye ukurasa wako bila idhini, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda.

Kamera Kayole

Mimi nakubaliana na wakili, ila tazama pia bei. Kati ya 1,500 na 80 nani hataenda saiba? Mimi ninalipisha kukaa kwenye kiti: shilingi 4,000, na ndani yake kuna nakala tatu. Ya nne kuendelea ni 300. Wanarudi, kwa sababu ya 300 ni safi na ya saiba inamfanya mama yao aonekane mgonjwa.

Mama Studio, Umoja

Asanteni sana. Wakili, nimesoma yako mara tatu. Miaka tisa nimekuwa nikiwaambia wateja "picha ni yangu" na sikuwa na hata karatasi moja.

Leo asubuhi nimempigia yule mteja. Sikumlaumu. Nimemwambia nakala za bahasha zimemharibu shosho, na nitamchapia kumi mpya kwa 300 kila moja, jina langu likiwa nyuma. Alinyamaza kidogo, akasema hakujua kama kuna tofauti, yeye aliziona sawa. Nimemwomba aje Jumamosi na moja ya zile za saiba, tuiweke pamoja na yangu dirishani, palepale shosho alipokaa. Kitabu kipya cha risiti nimeshapeleka kwa mchapaji.