Naomba ushauri: mti wa Noeli na korali yetu, Kadutu

Wapendwa, salamu. Mimi ni mwalimu wa korali ya vijana hapa Kadutu, Bukavu. Mwaka huu padri ametukabidhi na mti wa Noeli. Napenda tawi bichi la msipresi, si la plastiki. Hata Wajerumani walioeneza desturi hii walitumia mti wenyewe. Lakini mwaka jana letu lilikauka kabla ya tarehe 24, majani yakamwagikia pango la Mtoto Yesu. Tulilisimika kwenye mchanga mkavu. Ndoo ya maji ingefaa?

Linaloniumiza zaidi ni umeme. Ukikatika, kinanda kinanyamaza, soprano wanapanda, wa besi wanapotea kabisa. Tujifunze kuimba kwa ngoma na kayamba tu? Mazoezi yanaanza Majilio, mnisaidie mapema.