Tupeane uzoefu: mtoto ambaye kwao hawajachangia chakula cha shule, mnamfanyaje?

Mleta mada (Muheza)

Wakuu, habari za leo. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya kutwa. Naomba wenzangu wa mkoa wa Tanga tupeane uzoefu kwenye jambo linaloniumiza. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, wazazi wengi walijua na chakula kinaletwa na serikali. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 ulishaeleza kuwa chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi. Basi anayechanga anachanga, asiyechanga ndiyo imetoka, na anayeshinda njaa ni mtoto wa darasa la pili asiyejua hata kikao kilikaa lini.

Juzi kengele ya saa sita imelia, dada mkuu kasimama mlango wa jiko na daftari la waliochangia, anaita majina. Wasioitwa wakaenda bombani wakanywa maji, wakarudi darasani. Saa nane mwalimu anafundisha kugawanya, vichwa vimelala juu ya madawati. Msimamo wangu ni kwamba daftari lile lisifike jikoni kabisa. Lakini gunia nalo lina mwisho. Kwenu mmefanyaje?

Mama wa Handeni

Pole mjumbe. Sisi pesa tuliacha kudai. Tunachanga mahindi wakati wa mavuno, debe kwa kila mtoto, kabla lori la mnunuzi halijaingia kijijini. Ukisubiri Januari, nyumba nyingi zinakula ya kununua, hilo debe atalitoa wapi?

Ila stoo iangalieni sana. Sisi mahindi yalibunguliwa na dumuzi, mengine yakashika ukungu kwa kukaa sakafuni. Ukungu si wa kuupuuza, mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Siku hizi tunaanika juu ya turubai mpaka yakauke kweli, tunatia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, tunaipanga juu ya chaga.

Mwalimu, Pangani

Huku hakuna mavuno ya kungojea, wazazi wengi ni wavuvi wa dagaa. Kukiwa giza wanapata, mbalamwezi ikikolea boti zinakaa pwani. Tulikuwa tunadai kila mwisho wa mwezi kana kwamba wana mshahara! Sasa mchango unakusanywa kipindi cha giza, anayependa analeta dagaa wakavu wenyewe. Wanaingia kwenye maharage, watoto wanapata na kitoweo.

Bibi wa Lushoto

Wanangu, mimi nalea wajukuu. Niliitwa ofisini nikasemwa mbele ya watu kwa ajili ya pesa, na nyumbani kabichi zinaozea shambani kwa kukosa bei. Hakuna aliyeniuliza nina nini. Kamati mpya ndiyo ilikuja kuniuliza. Napeleka mboga, makande yao yana karoti na kabichi, na wajukuu wanakula na wenzao.

Baba wa Pongwe

Shikamoo bibi, pole sana. Ila tusiwachanganye. Yupo asiyenacho na yupo mwenye pikipiki mbili za biashara anayesema elimu ni bure. Kwetu mwenyekiti wa mtaa anakaa na kamati wanazitambua kaya zisizoweza, nyingi zimo TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanasamehewa kimya kimya. Wengine wanapasua kuni au kuchota maji, inahesabiwa. Mwenye uwezo akigoma, anaitwa kwa mtendaji. Mtoto wake anakula siku zote hizo za mvutano, hilo hatujadiliani.

Mleta mada

Shikamoo bibi, maneno yako nitayasema kwenye kikao Ijumaa kama yalivyo. Napendekeza debe wakati wa mavuno, machungwa na mihogo vipokelewe badala ya pesa, na daftari likae ofisini. Mwalimu wa Pangani, hiyo pesa ya giza anaishika nani? Kwetu watu waligoma baada ya mahesabu kutosomwa mwaka mzima.

Mwalimu, Pangani

Inaingia akaunti ya shule siku hiyohiyo, mzazi anapewa risiti. Stoo ina kufuli mbili, funguo moja ya mzazi, nyingine ya mwalimu. Kilichopikwa wiki hiyo kinabandikwa ubaoni kila Ijumaa, kilo kwa kilo. Anzeni na ubao, mjumbe, kabla hamjaomba debe.