Je, sanaa za Asia ya Kati zilizoko Ulaya zirudishwe kwao?

Wanaopinga kurudishwa kwa sanaa za Asia ya Kati zilizomo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya hutanguliza hoja moja: zisingechukuliwa, leo zingekuwa zimekwisha kuharibika. Naikataa hoja hiyo, na ushahidi wangu unatoka Ulaya kwenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti Mjerumani Albert von Le Coq na fundi wake walikata kwa msumeno michoro ya ukutani ya mapango ya Kibudha ya Bezeklik, karibu na Turfan, magharibi mwa China, wakaipeleka Berlin kwa kisingizio hicho hicho cha kuiokoa. Michoro mikubwa ilishikizwa kwa saruji kwenye kuta za jumba la makumbusho, hivyo Vita Kuu ya Pili ilipoingia haikuweza kung'olewa ikafichwe, na mabomu yakaiteketeza. Sikatai kwamba vipande vilivyohamishika vilipona, ila usalama huo haukuwa ahadi ya mtu yeyote.

Tazameni sasa sufuria ya Timur, mtawala wa Asia ya Kati. Ilisubiwa mwaka 1399 kwa ajili ya kaburi la shehe wa Kisufi Khoja Ahmed Yasawi mjini Turkistan, Kazakhstan. Ina uzito wa tani 2, na waumini walikuwa wakinywa maji yake. Mwaka 1935 ilipelekwa Leningrad (sasa Saint Petersburg, Urusi) kwa maonyesho, ikabaki katika jumba la makumbusho la Hermitage hadi 1989. Kwa miaka 54 ukumbi wa kati wa kaburi lile, uitwao Kazandyk kwa jina la sufuria hiyo, ulibaki bila sufuria yenyewe. Imerudi, na ipo salama. Kitu cha ibada chenye mahali pake kirudi pale pale.

Suzani nazitenga, kwa kuwa nyingi ziliuzwa na wenyewe. Ni nguo zilizodariziwa kwa hariri na wanawake wa Bukhara, Nurata na Shahrisabz, miji ya Uzbekistan, ambazo binti alikwenda nazo kwa mumewe. Vipande vya pamba viliunganishwa kwa mshono mlegevu, vikachorwa, vikafumuliwa na kugawiwa ndugu wa kike, kila mmoja adarizi chake, kisha vikashonwa tena. Ndiyo maana kwenye mshono utaona ua ambalo nusu zake hazikutani sawasawa, kwa kuwa waliolidarizi walikuwa wawili. Kibao cha makumbusho kinachosema "Bukhara, karne ya 19" na kuishia hapo kinawafuta wanawake hao. Kama nguo itabaki Ulaya, basi habari yao iandikwe kando yake, na kwa Kiuzbeki pia.