Mjadala: Kulipia jukwaa la kuunganisha mifumo, au kujijengea?

Mleta mada
Wakuu, chukueni biashara ya jumla ya Nairobi yenye mifumo sita: mauzo ya dukani, programu ya Odoo kwa hesabu na stoo, M-Pesa kupitia Daraja (mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa), eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya), benki na mishahara. Kila mmoja ukiunganishwa na kila mwingine, njia ni 15, na yoyote yaweza kukatika bila nyingine kujua. Jukwaa la kati, linalopokea taarifa za kila mfumo na kuzipeleka kwingine, ni lazima. Swali ni kama tulipie leseni ya mwaka, tuseme jukwaa la MuleSoft, au tujijengee kwa Apache Camel, programu ya kuunganisha mifumo isiyo na ada. Mimi nasema Camel. Leseni ni gharama isiyokoma, na kazi ngumu ya Daraja itabaki ileile.

Mhandisi wa mifumo
Napinga. Cha bure nacho kina mwenyewe. Talend Open Studio, programu ya bure ya kuunganisha data, ilitegemewa na wengi. Kampuni ya Qlik ikainunua Talend mwaka 2023, na tarehe 31 Januari 2024 toleo hilo la bure likasitishwa. Tena Camel inataka mjuzi wa Java, lugha ya kuandikia programu. Akihama, nani ataigusa? Ukiwa na leseni, kuna mtu unayeweza kumdai jibu.

Mleta mada
Talend ilikuwa mali ya kampuni moja. Camel iko chini ya Apache Software Foundation, taasisi isiyo ya faida, kwa leseni ambayo mnunuzi hawezi kuja kuifuta. Hilo la Java nalikubali kabisa: bila watu wawili wanaoijua, usianze.

Mhasibu
Mnabishania bei, nami naangalia vitabu. Taarifa ya malipo ikitoka Daraja na kukuta seva yenu imezima, mteja amekatwa pesa, Paybill (namba ya biashara ya kupokea malipo ya M-Pesa) imepokea, Odoo haina habari. Nani anashika kosa hilo?

Mhandisi wa mifumo
Swali hilo lingetangulia. Utaratibu ni huu, jukwaa liwe lolote: pokea taarifa, ihifadhi ilivyo, jibu Daraja papo hapo, ndipo uipeleke Odoo. Ukisubiri Odoo imalize kabla ya kujibu, ikichelewa tu umeharibu. TransID, yaani namba ya muamala, iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, ili malipo yakija mara mbili yaandikwe mara moja tu. Na kila usiku linganisha na taarifa ya Paybill, maana iliyopotea njiani huwezi kuiona kwa kukagua zilizofika.

Nambari ya akaunti, BillRefNumber, mteja huichapa mwenyewe: anaweka nafasi, anaandika herufi O badala ya sifuri. Zisizolingana ziwekwe kando mhasibu aamue. Programu isikisie pesa ya mtu.

Kuna na saa. TransTime, yaani muda wa muamala, ni saa ya Afrika Mashariki, Odoo huhifadhi kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiiingiza bila kupunguza saa tatu, malipo ya kuanzia saa tatu usiku yatasomeka ya kesho yake. Siku ya mwisho wa mwezi, mapato yanahamia mwezi mwingine.

Mhasibu
Hilo la saa ndilo hufanya hesabu za mwezi zisifunge, na watu wanalaumu keshia.

Mleta mada
Basi tupime kabla ya kusaini chochote. Zima Odoo dakika 30, tuma malipo 50 ya majaribio, matano kati yake yarudie, kisha washa. Odoo ionyeshe 50. Ikionyesha 55, au 48, jukwaa hilo halijawekwa sawa, la kulipia au la bure.

Mhandisi wa mifumo
Jaribio hilo nalikubali, ila fanyeni na la eTIMS, kwenye mazingira ya majaribio. Malipo yaliyojirudia ndani ya Odoo unayarekebisha mwenyewe. Ankara iliyokwisha kufika KRA haifutwi, inatolewa hati ya kupunguza deni. Na isiyofika inamuumiza mnunuzi, kwani tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi kwenye kodi yake. Upande huo, kutuma tena kiotomatiki kusiruhusiwe mpaka mfumo uwe umehakikisha ankara ya kwanza haikupokelewa.